Inveta na betri ya lithiamu kutoka Makoroboi: mrejesho baada ya mvua za masika

Wadau wa Mwanza na kanda ya ziwa kwa ujumla, naleta mrejesho wa inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwashe vitu vya nyumbani) na betri nilivyonunua kwenye duka moja maeneo ya Makoroboi. Watu wengi walinijia inboksi baada ya kuona status yangu tivii inawaka na mtaa mzima wa Nyegezi giza, sa badala ya kumjibu mmoja mmoja naandika hapa mara moja kila mtu asome. Jina la duka naliacha maana kuna ya kusifia na kuna ya kulalamikia na sitaki kesi. Nawapa nyota nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa sababu ya waya, nitafika huko.

Nilichochukua ni inveta ya wati 1000 ya volti 12, ile inayotoa umeme laini kama wa ukutani, mafundi wanaita pyua sain, na chaja yake iko humohumo ndani. Betri ni lithiamu ya ampea-saa 100, dukani wanafupisha tu wanasema ampea 100. Inveta 350,000, betri 780,000, fundi na waya na breka (swichi inayojikata umeme ukizidi) na mazagazaga mengine 190,000. Jumla 1,320,000. Najua ni hela. Baba watoto aliishika ile risiti akaisoma mara mbili afu akaniuliza kama hiyo inveta inapika na ugali.

Sasa duka lenyewe. Ukiingia maduka mengi pale mjini swali la kwanza ni "una bajeti ya shingapi?" afu unauziwa kulingana na mfuko wako. Huyu kijana hakuuliza hela kabisa. Alichukua kikaratasi akaniambia, "Mama, umeme ukikatika saa moja usiku, nyumbani unataka kiwake nini, mpaka saa ngapi?" Nikaanza kumtajia: taa tano za LED, tivii inchi 43, king'amuzi, ruta, feni moja, chaja za simu, friji. Kila kimoja akaandika wati pembeni, taa zote 45, tivii 70, king'amuzi 15, ruta 12, feni 55, simu 20, ikaja 217. Friji akaiweka peke yake, akasema kompresa ikiwa inanguruma inakula kama wati 100 ila hainguruma muda wote, kwa hiyo tuichukulie 50 kwa wastani, lakini tukumbuke inapoanza kuwaka inavuta nyingi zaidi kwa sekunde chache na hapo ndo inveta dhaifu huwa zinazima.

Akaendelea upande wa betri. Volti 12.8 mara ampea-saa 100 unapata wati-saa 1280 (wati za kifaa mara saa kinazowaka), toa kinachopotea kwenye inveta, toa na kile unachobakiza betri isikauke kabisa, una kama 1000 za kutumia kwa uhakika. Ukiwasha vyote na friji juu ni wati 267, hazimalizi hata masaa manne zimeisha. Ukiacha friji ipumzike, kuanzia saa moja mpaka saa nne usiku umekula kama 650, zimebaki 350, mkilala mkaacha taa ya korido na feni na ruta ni wati 76, inakupeleka mpaka mida ya saa nane na nusu usiku. Na kama umekatika wakati mmeshalala basi hizo 76 zinafika asubuhi na chenji inabaki. Yaani niliondoka pale najua kabisa naenda kupata nini, hakuna cha kushangaa nyumbani.

Hapa ndo wengi tunapigwa jamani. Tunauliza inveta ina wati ngapi tunasahau kuuliza betri ina saa ngapi. Inveta ni bomba tu, betri ndo simtanki, ukifunga bomba kubwa kwenye simtanki dogo maji yanatoka kwa fujo afu yanakata. Jirani yangu alienda duka lingine akarudi na boksi limeandikwa wati 3000 na betri ya gari N100 ya mtumba, siku ya Simba na Yanga umeme ukakatika akatuita wote kwake tuangalie, tukaenda na viti vyetu, haikufika hata haftaimu. Betri ya gari imetengenezwa kutoa moto mwingi kwa sekunde chache iwashe injini afu ichajiwe palepale na gari, ukiifanyia kazi ya kuwasha tivii usiku kucha kila siku unaiua. Hata zile za jeli za sola ambazo ni nzuri kuliko za gari, ukitaka zidumu usizishushe chini ya nusu, maana yake betri ya jeli ya ampea 100 wewe una 50 tu za kutumia. Lithiamu unashuka mpaka imebaki kidogo sana na haina neno. Ndo maana bei ya dukani inaonekana kubwa ila ukigawanya kwa saa unazopata kwa miaka utakayoitumia, sio mbaya sana. Sio rahisi pia, tusidanganyane.

Kitu kingine alichonionyesha ambacho sikutegemea muuzaji anionyeshe, kuinua. Alinipa nishike lithiamu ya ampea 100, kama kilo 11 hivi, afu ya jeli ya ampea hizohizo ambayo ni karibu kilo 30. Akasema ukikuta ya jeli imeandikwa 100 afu unaibeba kwa mkono mmoja unachekacheka, humo ndani madini ya risasi hayajatosha, wamebandika stika tu. Ya lithiamu nayo ikiwa nyepesi sana kama boksi la viatu, kimbia. Wanayo mizani pale kaunta, unapima mwenyewe. Kwa hilo peke yake ningewapa nyota tano.

Haya, twende kwenye waya. Inveta ya wati 1000 kwenye volti 12 ikifanya kazi full inavuta zaidi ya ampea 80 kutoka kwenye betri. Hiyo sio ya kuchezea, inataka waya mnene na mfupi, betri na inveta vikae karibu, na breka katikati upande wa betri. Dukani walinifungia waya ambao mi kwa macho yangu niliona mnene tu, fundi wao alipofika nyumbani akauangalia akatikisa kichwa, akasema mama huu utapata moto, akapiga simu dukani, wakabishana weee, mwisho wakatuma mwingine kwa bodaboda na nikaambiwa niongeze hela. Sasa kama fundi wenu anajua na kijana wa mahesabu anajua, aliyekuwa anafunga mzigo kule nyuma ye hajui? Na kwanini tofauti nilipe mimi? Nyota yangu moja iko hapo. Halafu waliniambia fundi anakuja saa nne asubuhi, akafika saa kumi jioni. Sijakatia nyota hilo maana kwa mafundi wa Mwanza saa kumi ya siku hiyohiyo ni kuwahi.

Fundi mwenyewe ila, kazi anaijua. Hakuchomeka inveta kwenye soketi ya ukutani kama wengine wanavyofanya, ile ya kutengeneza waya wenye plagi huku na huku, wazee hiyo inaua, kwanza umeme ukirudi vinakutana, pili unaweza kurudisha umeme kwenye nguzo wakati kuna mtu amepanda juu anatengeneza akijua laini imekufa. Alitenga laini ya taa na soketi tatu tu, akaziweka kwenye inveta, pasi na jagi la kuchemshia maji na heta vikabaki upande wa umeme wa kawaida. Jagi ni wati 2000, pasi 1000 na kitu, msichana wa kazi akisahau akachomeka kule inveta inalia na kuzima yenyewe na hatujagombana na mtu. Kazi ngumu ilikuwa waya wa ardhi. Nyumba zetu huku mnazijua, ukichimba shubiri mbili umekutana na jiwe, ile nondo ya shaba alijaribu upande wa jikoni ikagoma, upande wa geti ikagoma, mwisho akaenda pale tunapomwaga maji ya kufulia kwenye migomba, udongo umejaa na una unyevu muda wote, ikazama. Kama unakaa Mabatini au Igogo juu kwenye mawe muulize fundi mapema atafanyaje, usikubali akwambie haina umuhimu, hasa kwa radi za ziwa hili.

Maana tatizo letu kubwa ndo hilo. Kuna watu waliniambia sasa unanunua za nini wakati Bwawa la Nyerere limekamilika, mashine tisa, megawati 2115, mgao umeisha. Kweli, mgao ule wa mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024 wa kupangiana ratiba sijauona tena na nashukuru. Lakini umeme kuzalishwa Rufiji ni jambo moja na kufika Nyegezi ni jambo jingine, hapo katikati kuna nguzo, kuna transfoma, kuna mwembe wa mtu ambao hataki ukatwe tawi. Mvua za huku zinatokea ziwani usiku wa manane au alfajiri na radi zake, upepo ukipiga tu mnasikia "pah", kimya. Na Aprili 2024 gridi ya taifa ilipopata hitilafu karibu nchi nzima iliingia gizani, bwawa lilikuwa limeshaanza kuzalisha. Kwa hiyo kujiandaa sio kulaumu mtu, ni kama kuwa na mwamvuli.

Mdogo wangu anasoma Finland, alikuja likizo akakuta tunafunga huu mtambo akacheka, akasema dada nyie mnafanya walichokuwa wanahimizwa wenzenu kule. Akatusimulia majira yao ya baridi ya 2022, Urusi ilikuwa imeacha kuwauzia umeme tangu Mei mwaka huo, kinu chao kipya cha nyuklia cha Olkiluoto kinasuasua kuanza, basi mamlaka ya gridi yao ikatangaza kwamba watu wajiandae, ikibidi watakata kwa zamu kama saa mbili mbili. Saa mbili! Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi. Mpaka dogo alipotueleza kwamba huko nje ni hasi ishirini na nyumba nyingine zinapashwa joto kwa umeme, umeme ukikaa sana maji yanaganda ndani ya mabomba na bomba linapasuka. Hapo mama mkwe akaacha kucheka. Mwisho wa siku hawakukatiwa, ila walishajiandaa, na wana utaratibu wa kila familia kuweza kujitegemea saa 72, maji ya kunywa, chakula kisichohitaji kupikwa sana, dawa, tochi, redio ya betri, na hela taslimu.

Hiyo ya hela taslimu niliichukua. Huku tumezoea kila kitu simu, umeme ukikaa muda mrefu mnara nao betri zake zinaisha, mtandao unayumba, una laki mbili kwenye simu na huwezi kununua mkate. Sasa hivi naweka elfu hamsini kwenye kopo la chumvi jikoni na redio ndogo ya betri za tochi tunayo. Vya kwao vingine haviendani na sisi, hatuna shida ya joto hapa, tukifungua dirisha inatosha. Shida yetu ni friji na maji. Umeme ukikatika pampu ya kisima haipandishi, na pampu hiyo inveta hii haiwezi kuiendesha hata kwa dua, kwa hiyo simtanki linajazwa kila jioni wingu likionekana upande wa ziwa. Hakuna kifaa cha kununua hapo, ni mazoea tu.

Na kupika, gesi. Mtungi wa kilo 6 wa akiba pembeni ya ule wa kilo 15. Nasisitiza hili kwa sababu mvua ikinyesha na umeme hakuna watu wanaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha, hewa ya sumu inayotoka haina harufu ya kukuamsha. Kule Texas Februari 2021 baridi kali iliwakatia umeme mamilioni, na kati ya waliokufa wapo waliouliwa na hewa hiyo, wamewasha jenereta au majiko ndani ya nyumba, au gari ndani ya gereji, ili wapate joto. Marekani hiyo na vifaa vyao vyote. Mwenye jenereta pia aiweke nje kabisa, sio barazani chini ya dirisha la watoto.

Narudi kwenye inveta. Utendaji wake kwa kipindi chote cha masika sina lalamiko kubwa. Umeme ukikata inabadilisha haraka sana, tivii haizimi, ruta haijiwashi upya, mara nyingi tunajua umekatika kwa kusikia kelele za watoto wa jirani. Kuchaji, chaja yake ni ya ampea 20, betri ikiisha kabisa inachukua kama saa tano mpaka sita kujaa, kwa hiyo siku ambayo umeme unarudi nusu saa afu unakata tena, usitegemee miujiza. Hakikisha fundi ameiweka kwenye lithiamu pale kwenye kuchagua aina ya betri, zikitoka kiwandani nyingi zimewekwa kwa ajili ya betri za risasi kama zile za jeli. Kelele ipo, ina kifeni kinachonguruma mzigo ukizidi, usiiweke chumba cha kulala, sisi iko stoo kwenye kishelfu juu, mbali na unga maana panya wa stoo ni mafundi umeme wabaya sana.

Kitu ambacho dukani hawakuniambia na walipaswa kuniambia ni LUKU. Inveta ikikaa imewashwa tu bila kufanya chochote inakula wati 10 mpaka 20 mchana na usiku. Inaonekana kidogo, ila wati 15 kwa mwezi mzima ni karibu uniti 11. Kama uko kwenye ile bei ya chini ya uniti 75 kwa mwezi, ya shilingi mia kwa uniti, hizo 11 zinaweza kukuvusha mpaka, na ukivuka bei yake mnaijua, inaenda mara tatu na zaidi. Piga hesabu ya matumizi yako ya mwezi kabla. Mi nilikuwa na nafasi kidogo, lakini jirani mwenye frizi mbili za barafu hana.

Nikisema barafu, wauza barafu na juisi na samaki mnaoniuliza kama inabeba frizi. Inabeba ndogo, lakini mi frizi yangu sijaiweka huko kabisa na sababu ni kwamba haihitaji. Frizi iliyojaa pomoni ikifungwa isifunguliwe inatunza baridi hata siku mbili, ikiwa nusu ni kama siku moja. Friji ya kawaida ndo saa nne tu. Kwa hiyo naijazia nafasi zote tupu na chupa za maji zilizoganda, umeme ukikatika nahamisha sato na maziwa kutoka friji kuingia frizi, nafunga, naweka kiti mbele. Betri inabaki kwa ajili ya taa na tivii. Kinachoua vitu ni watoto kufungua kila dakika kuangalia kama barafu imeyeyuka. Dagaa wala usiwape nafasi humo, wamekauka, hawana haraka.

Cha lazima kwenye friji ni kile kidude cha kuilinda, frijigadi, kinachosubiri dakika mbili tatu umeme ukirudi ndo kiruhusu. Umeme wetu unarudi kwa kishindo, unapanda unashuka, kompresa nyingi zinafia hapo. Bei yake ni ndogo mno kulinganisha na kompresa.

Kwa ambaye milioni na kitu haipo, na wengi haipo, duka hilohilo wana balbu za kuchaji, zile unazofunga kwenye holda ya kawaida, umeme ukikatika inaendelea yenyewe kama saa tatu nne. Nilichukua mbili za chooni na jikoni kwa elfu kumi kila moja, moja nzuri, nyingine mwanga wake umeshaanza kufifia. Lakini kwa taa peke yake mi nakushauri shuka Kirumba Mwaloni kwa wanaouza vifaa vya uvuvi, angalia zile taa za LED za wavuvi wa dagaa. Zile zimetengenezwa kukaa usiku mzima ziwani, zinapigwa na maji na mawimbi, mwanga wake sebule nzima unasoma gazeti. Ni mbaya kwa sura, hilo nakubali, shemeji yangu alikataa kuzining'iniza ndani kwake. Mishumaa mi nimeshaiondoa nyumbani, vyandarua na mishumaa na watoto havikai pamoja.

Paneli ya sola kijana alisema sio lazima kwangu, umeme ukikatika huku kwa kawaida unarudi kabla betri haijaisha, na ningekubali kununua kama angeniambia ninunue, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kusema hivyo zaidi ya ukweli. Wanaonunua paneli pale wengi niliowaona ni wa visiwani, Ukerewe na Ukara na Kome.

Garantii waliniambia kwa mdomo betri miaka mitatu, kwenye karatasi wakaandika mwaka mmoja, nikagoma kuondoka mpaka wakaandika upya na kugonga muhuri. Nanyi msiondoke. Nendeni katikati ya wiki asubuhi, Jumamosi pamejaa na kijana wa mahesabu hana muda wa kukaa na mtu, Jumapili wamefunga. Andika wati za vitu vyako kabla ya kwenda, ziko kwenye kibandiko nyuma ya kila kifaa, na ukilipa taslimu kwenye betri wanapunguza, mi walinitolea elfu arobaini, ilikuwa 820,000 ndo ikaja hiyo 780,000 niliyoitaja juu.